Miezi Mitano Bila Bafu

Jani lenyewe sisi tuliliita ngo.
Usihangaike kulitafuta kamusini.
Lina pingili kama muwa wa mwanasesere,
majani matatu matatu yamelizunguka shina,
na ukilifikicha vidoleni
linakupiga puani kwa limau kwanza,
halafu, kwa kuchelewa,
kama mgeni aliyerudi kuchukua mwavuli,
bizari nyembamba.

Mama alinunua fungu moja Praha, soko la Wavietnamu.
Nusu tulikula, nusu akaibania.
Basi zima hadi Brno alilipakata
ndani ya gazeti lililolowa,
sketi yake ikalowa, abiria wakamtazama.
Akalitia kwenye gilasi ya haradali, dirishani.
Siku ya tano mizizi ikachomoza kwenye pingili,
myeupe, myembamba, kama ndevu za uduvi.
"Limekubali," akasema.
Mimi nilikuwa na miaka minne nchini humo
na sikuwahi kuulizwa kama nimekubali.

Kiangazi, kibaraza chetu cha ghorofa ya nne kilikuwa bwawa.
Ndoo za rangi. Boksi jeupe la kuhifadhia samaki.
Karai lililopasuka, kaliziba kwa lami.
Udongo wa dukani haufai, alisema, unaelea;
basi usiku tuliteremka mto Svratka,
mama na mwiko wa wali, mimi na kurunzi,
tukachota tope kama wezi wasiojua thamani ya walichoiba.
Maji yafike kwenye kifundo cha mguu, yasipande.
Kata juu ya pingili, usiogope:
ukikata moja linajibu mawili.

Bwana Vondráček wa chini akapanda kulalamika mbu.
Mama hakuwa na Kicheki cha kumjibu.
Akanunua samaki wadogo, akawamwaga ndooni,
akamshushia bakuli la konokono na ndizi mbichi,
ngo imekatwakatwa juu, mbichi, dakika ya mwisho.
Bakuli lilirudi limeoshwa.
Neno mbu hatukulisikia tena.

Oktoba ikaleta umande mgumu.
Usiku huohuo baba, Khiêm, mtu asiye na maneno,
akafungua mlango wa bafu kwa goti,
ndoo mkono huu, ndoo mkono ule.
Akaning'iniza taa ndefu kwa waya wa kuanikia nguo.
Hodhi letu likawa shamba
hadi Machi.
Tulikoga kwa kopo, tumesimama kando ya choo,
na samaki wakitutazama.

Shuleni Radka alininusa nywele.
"Unanuka supu."
Nilifika nyumbani nimevimba macho, nikamweleza mama.
Alikuwa amepiga magoti, mikono majini hadi viwikoni,
anang'oa majani yaliyogeuka manjano.
"Unanukia," akasahihisha.
Kisha, bila kugeuka:
"Supu gani?"

Baada ya miaka kumi na tisa alirudi Nam Định,
nami nikambebea sanduku.
Bwawa la kwao lilikuwa ghala la viatu.
Mfereji ulikuwapo, ila hakuna aliyethubutu kuchuma kitu humo;
mama mdogo, Nhài, alinunua mboga ndani ya mfuko wa plastiki
kama sisi tu.
Mama hakulia. Alizunguka ghala lile mara moja,
polepole, kama anayepima kitambaa,
akarudi, akaketi, akavua kiatu.
Ndani ya soksi ya pili,
kwenye pamba mbichi,
vipande vitatu.

Nhài akavitazama, akamtazama dada yake,
akaenda kutafuta beseni.

Wiki mbili baadaye simu ililia Brno, alfajiri.
Limeota, mama mdogo alisema.
Limefunika beseni lote, jirani ameomba mche.
Ila, dada, sijui nikwambieje,
linanukia kidogo
sabuni.

Mama alikaza simu sikioni.
Nyuma yake, chini ya ile taa, maji yalikuwa yanatiririka.
"Sabuni gani?"